Joto la Jiko Lako Huenda Wapi?

Ndugu msomaji, hebu tuanze na vyombo viwili vya udongo. Cha kwanza ni mtungi wa maji ya kunywa, uliowekwa kivulini kando ya ukuta. Cha pili ni chungu kilichotelekwa juu ya mafiga, na ndani yake mna mbaazi zinazochemka. Vyombo hivi utavikuta katika nyumba nyingi za kusini ya nchi yetu. Tukitaka mahali pa kuvitazama, na tuchague Narung'ombe, kata iliyomo katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, upande ambao zamani ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea. Huko ni nchi ya korosho, ufuta, mihogo na mbaazi, na ni nchi ambayo wakati wa kiangazi maji hupatikana kwa taabu.

Ukiugusa mtungi ule kwa nje, utaona una unyevu. Watu husema mtungi unatoa jasho. Ukiteka maji yake kwa kata na kuyanywa, utayakuta yana ubaridi kuliko hewa iliyouzunguka, ingawa hakuna mtu aliyetia barafu. Sasa geukia chungu. Hicho nacho kinatoa mvuke mchana kutwa, na mama aliyeketi kando yake anasogeza ukuni mwingine motoni kila baada ya muda mfupi, maana akiacha kufanya hivyo chungu kitapoa.

Vyombo hivi viwili vinafanya jambo moja. Vyote vinatoa maji yaliyogeuka mvuke, na mvuke huo unaondoka na joto. Tofauti ni kwamba mwenye mtungi anataka joto liondoke, na mwenye chungu hataki. Wa kwanza anapata faida bila kutumia hata kijiti kimoja. Wa pili anapata hasara, nayo anailipa kwa kuni. Makala haya yanakusudia kueleza kanuni inayovitawala vyombo hivyo, kwa sababu kanuni hiyo hiyo ndiyo inayolitawala jiko lako la mkaa hapo Temeke, Mwananyamala au Mabatini, na ndiyo inayoamua mkaa ulionunua jana utaisha lini.

Hesabu ya Nyumba Yenye Mlango

Wengi wetu tuliokwenda shule tulifundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika tu umbo. James Joule, Mwingereza, alionyesha kwa vipimo vyake vya miaka ya 1840 kwamba kazi ikigeuzwa kuwa joto hutoa joto kwa kiwango kisichobadilika. Katika mwaka wa 1850 Rudolf Clausius, Mjerumani, aliiandika kanuni hiyo kwa namna ya hesabu, na tangu hapo imekuwa msingi wa elimu ya joto na kazi, ambayo wataalamu huiita thamodinamiki.

Lakini mara nyingi tulifundishwa kanuni hiyo kwa mfano wa chombo kilichofungwa: chupa yenye kizibo, au silinda ambayo hakuna kitu kiingiacho wala kitokacho. Katika chombo cha namna hiyo hesabu ni nyepesi. Joto ulilotia ndani, ukiondoa kazi ambayo chombo kimefanya, ndilo ongezeko la nishati iliyomo. Basi.

Walakini, ndugu msomaji, ni vitu vingapi katika maisha yetu vilivyofungwa namna hiyo? Chungu kinatoa mvuke. Jiko linavuta hewa na kutoa moshi. Mwili wako unavuta pumzi, unakula, unakunywa na kutoa jasho. Gari linakunywa petroli na kutoa moshi nyuma. Vyote hivi ni vitu vilivyo wazi: maada inapita ndani yake. Mtu akitaka kufanya hesabu ya nishati katika vitu hivyo kwa kanuni ya chupa yenye kizibo, hesabu itamkatalia.

Chukua mfano wa duka. Mwenye duka anayetaka kujua kama mali yake imepungua hawezi kuhesabu fedha za sandukuni peke yake. Lazima ahesabu pia magunia yaliyoingia kwa mlango wa nyuma na mifuko iliyotoka kwa mlango wa mbele, maana kila gunia limekuja na thamani yake, na kila mfuko umeondoka na thamani yake. Ndivyo ilivyo kwa nishati. Katika kitu kilicho wazi, nishati huingia na kutoka kwa njia tatu: kwa joto linalopenya kuta, kwa kazi inayofanywa, na kwa kubebwa na maada yenyewe inayopita. Hii njia ya tatu ndiyo tunayoisahau, na mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wataalamu hawaliachi. Umepata kupanda basi la asubuhi lililojaa? Ili wewe uingie, lazima walio nyuma yako wakusukume, na ili yule wa ndani ashuke, lazima awasukume walio mbele yake. Kusukuma huko ni kazi, na kazi ni nishati. Maada inayopita nayo ni vivyo hivyo. Maji yakigeuka mvuke katika chungu kilicho wazi, lita moja ya maji huwa mvuke wa lita 1,670 hivi. Mvuke huo hauna nafasi ya bure iliyokwisha kuandaliwa. Lazima uisukume hewa iliyo juu ya chungu ipishe. Nguvu hiyo ndiyo inayokichezesha kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo, katika hesabu ya kitu kilicho wazi, nishati iliyomo ndani ya maada hujumlishwa na ile kazi ya kusukuma. Jumla hiyo wataalamu wameipa jina la enthalpi, neno lenye asili ya Kigiriki. Jina ni geni, lakini maana yake ni hiyo tu: kile ambacho maada imebeba pamoja na gharama ya kupita mlangoni.

Chungu cha Mbaazi

Sasa tufanye hesabu. Tuseme umeteleka lita tatu za maji pamoja na mbaazi, na maji yalikuwa na joto la nyuzi 25. Kila lita huhitaji kilojuli 314 hivi ili ifike nyuzi 100, mahali ambapo maji huchemka. Lita tatu zitahitaji kilojuli 940 hivi. Hiyo ndiyo gharama ya kuchemsha.

Mbaazi ni ngumu, nawe unaziacha zichemke kwa nguvu bila kifuniko kwa muda wa saa mbili. Unaongeza maji mara kwa mara. Mwishoni, maji yaliyokwenda na mvuke yamefika lita moja na nusu. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,257, na katika hizo, karibu 170 ni ile kazi ya kuisukuma hewa. Lita moja na nusu zimechukua kilojuli 3,390 hivi. Tazama tena tarakimu hizo. Kuchemsha maji yote kumegharimu 940. Mvuke uliotokea mlangoni umegharimu 3,390, zaidi ya mara tatu na nusu.

Na mbaazi zenyewe zimepata nini katika hizo 3,390? Karibu hazikupata kitu. Mbaazi haziivishwi na wingi wa mapovu. Huivishwa kwa kukaa katika joto la nyuzi 100 au karibu yake kwa muda unaotosha. Maji yanayochemka polepole yana nyuzi 100; maji yanayochemka kwa kishindo nayo yana nyuzi 100 zile zile. Moto wote unaouongeza baada ya maji kuanza kuchemka hauingii katika mbaazi, bali unageuka mvuke na kupaa.

Tuligeuze jambo hili liwe mkaa. Kilo moja ya mkaa mzuri ina nishati ipatayo kilojuli 29,000. Tuchukulie kwamba jiko la bati la kawaida hufikisha robo tu ya nishati hiyo kwenye sufuria, na robo tatu zinakwenda pembeni. Basi kilo moja ya mkaa inakupa kilojuli 7,250 za kupikia. Zile 3,390 za mvuke ni karibu nusu kilo ya mkaa. Nusu kilo hiyo umeinunua, umeibeba hadi nyumbani, ukaiwasha, kisha ukaiachia ipae darini.

Hasara haiishii hapo. Tanuru la udongo la kienyeji hutoa kilo moja ya mkaa kwa kuni zipatazo kilo sita hadi kumi, kwa kuwa nalo ni kitu kilicho wazi, na sehemu kubwa ya nishati ya mti huondoka na moshi wakati wa kuchoma. Nusu kilo ya mkaa ni kilo tatu hadi tano za mti. Ndiyo kusema kwamba mvuke wa chungu kimoja kisichofunikwa, siku moja, katika nyumba moja, umekula mzigo mdogo wa kuni kutoka msituni. Kwa mkazi wa mjini hasara hiyo huonekana katika bei ya kopo la mkaa. Kwa mama wa Narung'ombe huonekana katika urefu wa njia ya kwenda kuokota kuni, na tena katika urefu wa njia ya kwenda kisimani, maana yale maji lita moja na nusu nayo yalibebwa kichwani.

Hewa Nayo Ina Uzito

Tukitoka kwenye chungu tukashuka motoni, tutakuta mlango mwingine. Moto hauwaki bila hewa. Kwa kuwa hewa haionekani, tunaidhania si kitu. Lakini kilo moja ya kuni kavu huhitaji kilo sita hivi za hewa ili iungue yote. Hewa hiyo huingia ikiwa na joto la kawaida na hutoka ikiwa ya moto, na joto lake hilo limetoka katika kuni zako.

Mafiga matatu yaliyo wazi, hasa mahali penye upepo, huvuta hewa nyingi kuliko inayohitajika. Tuseme yamevuta kilo kumi na nane badala ya sita. Zile kumi na mbili za ziada hazikusaidia kuunguza kitu. Zimeingia, zimepashwa moto, zikaenda zao. Zikitoka zikiwa zimeongezeka joto kwa nyuzi 300, zimebeba kilojuli 3,600 hivi, nayo ni sehemu ya tano ya nishati yote ya ile kilo moja ya kuni, ambayo ni kilojuli 18,000 hivi. Hii ndiyo sababu jiko lililozungushiwa ukuta wa udongo, lenye mlango mdogo wa kuni na nafasi nyembamba kati ya ukuta na chungu, hutumia kuni chache. Ukuta hauzuii joto tu. Unapima pia hewa inayopita.

Kuni mbichi nazo zina hadithi yake. Ukuni uliokatwa leo unaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Kabla haujakupa joto, lazima uyapashe maji yake mwenyewe na kuyageuza mvuke, na mvuke huo huondoka pamoja na moshi. Kwa kilo moja ya kuni za namna hiyo, hasara ni kilojuli 1,290 hivi, nayo ni sehemu ya saba ya nishati iliyomo. Isitoshe, moto wa kuni mbichi huwa dhaifu, na moto dhaifu hutoa moshi mzito. Moshi mweusi si taka ya bure, bali ni kuni ambazo hazikuungua. Umezilipia, nazo zinatoka dirishani baada ya kuyaumiza macho na mapafu ya walio ndani.

Hapa, ndugu msomaji, inafaa kutoa onyo. Asije mtu akasema, kwa kuwa hewa inachukua joto, basi nitaziba matundu ya jiko au nitafunga madirisha. Mkaa ukinyimwa hewa hauungui sawasawa. Hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Na hata kwa hesabu ya nishati pekee hiyo ni hasara, kwa sababu mkaa ulioishia kuwa gesi hiyo umetoa chini ya theluthi moja ya joto lake. Theluthi mbili na zaidi zimeondoka zikiwa ndani ya gesi yenyewe. Jiko la mkaa lisitumiwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala lisiachwe likiwaka chumbani watu wakilala.

Visima vya Mwaka 1917

Turudi kwenye mtungi, maana kanuni hii haina upande mmoja. Tuseme mtungi una lita kumi za maji. Ili maji hayo yapungue joto kwa nyuzi nane, lazima kilojuli 335 hivi ziondoke. Ni maji kiasi gani yanayotakiwa kugeuka mvuke ili kubeba joto hilo? Ni gramu 140 tu, pungufu ya glasi moja. Kwa kutoa sadaka glasi moja ya maji kupitia vitundu vya udongo, mtungi unazipoza lita kumi. Ndiyo maana mtungi huwekwa kivulini penye kupitisha upepo, na ndiyo maana ndoo ya plastiki, isiyoruhusu maji kupenya, haipozi.

Mwili wa mwanadamu hufanya kama mtungi. Mtu anayetembea na mzigo mzito huzalisha joto jingi ndani ya misuli yake, na joto hilo lisipotoka atazimia. Kila lita ya jasho inayokauka juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi. Mtu wa kazi ngumu huhitaji zaidi ya nusu lita kila saa kwa ajili hiyo peke yake. Akikosa maji ya kunywa, mlango wa kutolea joto hufungwa, hata kama chakula anacho.

Narung'ombe ina historia inayolithibitisha jambo hilo. Tarehe 19 Julai, 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana hapo. Hapakuwa na mji wala bandari ya kugombewa. Palikuwa na visima vya maji. Katika nchi ile kavu, jeshi lisilokuwa na maji halikuweza kwenda mbele, liwe na bunduki namna gani. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na nyuma yao kulikuwa na wapagazi waliobeba risasi na chakula kwa vichwa na mabega. Majemadari walipanga vita yao kwa ramani. Lakini mwendo wa kila siku uliamuliwa na kiasi cha maji ambacho miili ya watu hao iliweza kupata na kutoa.

Garimoshi la Nachingwea

Miaka thelathini baadaye, kanuni hii ilipita tena katika nchi hiyo ikiwa juu ya magurudumu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani ya kusini, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka Mtwara. Mradi wa karanga ulishindwa na ukaachwa mwaka 1951. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Wazee wa Nachingwea na Mtwara wana kumbukumbu ya mlio wake.

Mlio ule wa garimoshi la mvuke, "chu, chu, chu", ndio hesabu tunayoizungumzia. Maji yaliingia katika birika la injini, moto ukayageuza mvuke, mvuke ukaisukuma pistoni mara moja, kisha ukatupwa nje kwa bomba la juu. Kila mlio ulikuwa mvuke ukiondoka na sehemu kubwa ya joto lake. Ndiyo maana injini ya namna hiyo iligeuza pungufu ya sehemu ya kumi ya nishati ya moto wake kuwa kazi ya kuvuta mabehewa, na ndiyo maana ilibidi isimame mara kwa mara kuongezewa maji. Nishati haikupotea. Ilitoka mlangoni, ikaipasha joto hewa ya Mungu, na hakuna aliyeweza kuirudisha.

Siku hizi ufundi umesonga mbele kwa kuulinda mlango huo huo. Gesi asilia ya kusini, ya Songo Songo mkoani Lindi, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2004, pamoja na ile ya Mnazi Bay mkoani Mtwara, husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Katika kituo cha Kinyerezi II, chenye megawati 240 na kilichozinduliwa mwaka 2018, gesi huunguzwa katika mitambo inayozungushwa na hewa ya moto. Hewa hiyo, baada ya kufanya kazi, hutoka ikiwa bado ina joto la mamia ya nyuzi. Katika mtambo wa kawaida ingetupwa. Kinyerezi II haiitupi: huipitisha kwenye mabomba ya maji, maji yakawa mvuke, na mvuke huo ukazungusha mitambo mingine ya umeme. Gesi ni ile ile, lakini umeme umeongezeka, kwa sababu mtu amekaa mlangoni akauliza kila kinachotoka kimebeba nini.

Ili uone ukubwa wa kinachobebwa na mvuke, ulinganishe na maji ya Kihansi. Katika kituo hicho maji huanguka kiasi cha mita 850 kabla ya kuizungusha mitambo. Ni mwanguko mkubwa mno, walakini kila kilo ya maji huja na kilojuli nane na kidogo tu. Kilo moja ya mvuke unaopaa kutoka kwenye sufuria yako imebeba joto linalolingana kwa hesabu na nishati ya kilo 270 za maji yaliyoanguka Kihansi. Ni kweli kwamba joto la mvuke wa jikoni haliwezi kugeuzwa lote kuwa umeme kama inavyowezekana karibu kabisa kwa maji yaangukayo. Nishati zina daraja, na joto la chini ni daraja la chini. Lakini jikoni hatutaki umeme, tunataka joto. Kwa kazi hiyo mvuke una thamani yake kamili, mradi usiuache utoke.

Basi Tufanye Nini?

Mwezi Mei, 2024, serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hilo ni jambo jema. Lakini mtungi wa gesi na umeme navyo vina gharama, na kanuni ya mlango haibagui: anayechemsha maharage wazi juu ya gesi anapoteza gesi kama alivyopoteza mkaa. Kwa hiyo mambo yafuatayo yanamfaa kila mtu, awe na jiko la aina gani.

Kwanza, funika chungu. Mvuke ukigonga kifuniko hugeuka maji, humrudishia mbaazi joto lake, na maji yenyewe hurudi ndani. Ikiwa unahofia chakula kufurika, acha upenyo mdogo.

Pili, maji yakishaanza kuchemka, punguza moto. Kwa jiko la mkaa, funga kiasi mlango wake wa chini au ondoa vipande kadhaa. Alama ya moto unaotosha ni mapovu machache ya pole.

Tatu, loweka mbaazi, maharage na kunde tangu usiku. Kulowekwa hupunguza saa za kuchemka, na kila saa iliyopungua ni mvuke ambao haukutoka.

Nne, anika kuni zikauke vizuri kabla ya kuzitia motoni. Jua halikudai malipo. Acha ligeuze yale maji kuwa mvuke badala ya kutumia kuni zenyewe.

Tano, kinga moto na upepo, lakini uache njia ya hewa na ya moshi.

Sita, mwenye uwezo na atumie sufuria ya presha, ya jikoni au ya umeme. Humo mvuke hufungiwa, joto hupanda kupita nyuzi 100, na vyakula vigumu huiva kwa muda mfupi zaidi. Ni chungu kilichofungwa mlango, na kwa hiyo kina tundu la usalama ambalo lisizibwe kamwe.

Kuna mapishi ambayo hayakubali kifuniko. Ugali husongwa wazi, na mchuzi unaotakiwa uwe mzito lazima upunguzwe maji. Hapo mvuke unaotoka ni gharama ya kazi unayoitaka, kama ulivyo kwa mtungi, wala hakuna wa kukulaumu.

Mwisho, ndugu msomaji, usiyakubali maneno haya kwa sababu tu yameandikwa gazetini. Yapime. Siku utakapopika maharage, hesabu vikombe vya maji unavyotia, pamoja na vile unavyoongeza, na chakula kikiiva hesabu vilivyobaki kwa kuchuja mchuzi. Maharage nayo hunywa maji, kwa hiyo pika siku mbili kwa kiasi kile kile: siku moja wazi, siku ya pili kwa kufunika na moto mdogo. Linganisha. Kila kikombe cha robo lita kilichozidi katika siku ya kwanza kimeondoka na joto la gramu 80 hivi za mkaa. Vihesabu vikombe hivyo, uvizidishe kwa siku za mwezi, kisha mkae na mwenzako mezani mtazame bei ya mkaa mtaani kwenu. Hapo mtakuwa mmejua ninyi wenyewe joto la jiko lenu huenda wapi.